Viraka vya Lancaster

Bunduki mpya ya kushindilia kwa mdeki ikishalia, wenzangu hukimbilia shabaha. Mimi nakwenda kuokota viraka. Huanguka hatua chache mbele ya mtutu, vyeusi, vinanuka baruti, na kila kimoja kina habari yake. Chenye tundu la kuungua katikati kinasema kitambaa ni chepesi au mafuta hayakutosha. Kilichochanika kwa mistari iliyoachana sawasawa kinaushitaki mtutu wenyewe: kingo za mifereji iliyochongwa ndani yake bado ni kali.

Mimi ni fundi vyuma, mzaliwa wa Tabora, na ninaishi Lancaster, Pennsylvania. Mji huu una haki ya kujivuna kwa bunduki hizi. Katika karne ya 18 mafundi wenye asili ya Ujerumani na Uswisi, mmoja wao Jacob Dickert, walichukua bunduki fupi ya wawindaji wa kwao wakarefusha mtutu ukapita mita moja, wakapunguza na upana wa tundu. Katika vita vya uhuru wa Marekani, wapiganaji wa Daniel Morgan walikwenda nazo Saratoga mwaka 1777.

Siri ya bunduki hizi ni kitambaa. Risasi ni ndogo kuliko tundu, kwa hiyo huvikwa kiraka, yaani kipande cha kitani kilichopakwa mafuta. Kitani ndicho kinachoshika mifereji na kuizungusha risasi. Kikichanika, moto wa baruti hupenya pembeni na risasi huenda inakotaka.

Mifereji hiyo ilichongwa kwa mkono. Gogo lililochongwa mikunjo ya kuzunguka liliongoza ufito mrefu wenye meno madogo ya msumeno. Fundi akausukuma, akauvuta, mfereji mmoja baada ya mwingine, kisha akatia kipande cha karatasi chini ya meno yapande kidogo, akaanza tena. Mwaka 1969 fundi bunduki Wallace Gusler wa Williamsburg alirekodiwa kwenye filamu akitengeneza bunduki nzima kwa njia hizo, na sijui fundi anayeweza kuitazama akabaki na kiburi. Chuma kilichokatwa hivyo hubaki na makali. Dawa yake ni kumimina madini ya risasi iliyoyeyushwa kuzunguka ufito ndani ya mtutu, ikishaganda ipakwe mafuta na unga wa msasa, isuguliwe mbele na nyuma. Asiyetaka kazi hiyo hulainisha mtutu kwa kupiga tu, na viraka vingi vitachanika kabla hajapata kundi zuri la matundu kwenye shabaha.

Miaka ikipita, shida hugeuka: mifereji hulika. Zamani bunduki hiyo ilirudi kwa fundi ikachongwa upya, tundu likapanuka, na mwenyewe akahitaji kalibu kubwa zaidi ya risasi. Mwaka 1849 Claude-Étienne Minié alileta risasi inayotanuka yenyewe, na majeshi yakaachana na viraka.

Kwetu Tabora magobori niliyoyaona utotoni yalikuwa laini ndani, bila mifereji. Mifereji ilikuwa hata jambo la mabalozi. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana uingizaji wa silaha katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia latitudo 20 Kaskazini hadi 22 Kusini, lakini ukaacha mlango wazi kwa gumegume, mradi mtutu wake usiwe na mifereji.