Binti wa Namtumbo atamuuliza nani?

Leo historia kidogo, ila ya karibuni tu.

Uhandisi pale Mlimani ulianza kufundishwa mwaka 1973, na mabinti darasani walikuwa wa kuhesabu. Ukikwama, dada aliyetangulia wa kumuuliza utampata wapi?

Wamarekani nao waliliona hilo. Mwaka 1997 wakaanzisha MentorNet: mwanafunzi wa kike wa sayansi au uhandisi alikuwa anaunganishwa na mlezi aliyeko kazini, wakiandikiana kwa barua pepe. Hakukuwa na nauli wala miadi ya ofisini. Huku kwetu enzi hizo barua pepe ilikuwa mpaka uende intaneti kafe, ulipie kwa muda. Mwaka 2008 ikaanza AWARD, yenye makao Nairobi, kuwapatia walezi wanawake watafiti wa kilimo Afrika. Mwaka uliofuata mkongo wa SEACOM ukafika Dar.

Sasa twende Namtumbo. Kuna urani kule Mto Mkuju, na ipo sekondari ya wasichana yenye jina la Rais Samia. Urani inataka wahandisi, wanajiolojia na wakemia. Maabara itamfundisha binti kemia, sawa, ila haitamjibu akiuliza, "Dada, wewe uliwezaje?" Wa kumjibu yuko Dar au Mbeya, na bando la siku linatosha kumfikia.

Tatizo, wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni. Kwa hiyo mlango ni mwalimu, yaani sisi tunaosomea ualimu. Tukienda kufundisha, simu zetu zitakuwa za kuangalia mpira tu?