Pamba Ilikuwa na Msimu: Deni na Uzazi Katika Nchi ya Dhahabu

Dada zetu wa visiwani na mabibi harusi mnaojiandaa.

Tunawaandikia kutoka Kahama, tulikohamia baada ya ndoa. Sisi, mke na mume, ni mafundi cherehani. Tunashona mabaibui, magauni ya harusi na sare za skuli, na vitambaa tunavichukua kwa mali kauli: tajiri anatupa majora leo, tunamlipa kadiri tunavyouza. Kila sikukuu simu inaita kutoka Unguja, na baada ya salamu swali ni lile lile, mtoto lini? Tunajibu inshaallah, huku moyoni tunahesabu majora ambayo bado hatujayalipa.

Tulidhani shida hii ni yetu peke yetu, ya watu wa siku hizi. Lakini ukikaa na watu wazima wa huku na ukisoma historia ya nchi hii, kuanzia Shinyanga hadi Geita, unaona kuwa ndoa, watoto na madeni vimekwenda pamoja tangu zamani. Kilichobadilika ni kalenda ya deni. Ndiyo tuliyotaka kuwasimulia.

Tuanze na jambo linalotuunganisha, visiwa na bara. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda Unyamwezi ilikwenda kwa mkopo. Tajiri wa Kihindi wa Unguja, Taria Topan, alimkopesha mali Hamed bin Muhammed el Murjebi, ndiye Tippu Tip, na deni lililipwa kwa pembe za ndovu miaka ikishapita. Baba yake Tippu Tip alioa Tabora, akamchukua Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Kwa hiyo watu wa visiwani kuoa bara si jambo jipya, na kuoa huku mnadaiwa si jipya vilevile! Tusifiche pia kwamba misafara hiyo ilibeba watumwa. Wapo waliotolewa kwao kwa sababu ya deni la mtu mwingine.

Waliobeba mizigo wengi walikuwa Wanyamwezi na jirani zao Wasukuma. Malipo yao yalikuwa vitambaa: merikani, kaniki, nguo za rangi, zikihesabiwa kwa doti. Sisi mafundi tunapenda habari hii, maana kitambaa ndicho kilichokuwa fedha. Kijana aliyerudi salama na doti zake alizibadilisha kwa mifugo, na mifugo ikamwozesha. Mke wake, kama alikuwa naye tayari, alibaki kulima miezi mingi bila kujua kama mume yu hai. Uzazi wa nyumba hiyo ulifuata safari. Mwaka wa safari haukuwa mwaka wa mimba.

Sasa ng'ombe. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi, kutoa mahari huitwa kukwa, na mahari yenyewe kwa kawaida ni ng'ombe wanaokwenda kwa wazazi wa binti. Hapa bibi harusi wa visiwani asome polepole, kwa sababu kwetu mahari ni haki ya mke mwenyewe, hata sehemu iliyoakhirishwa inabaki kuwa deni lake juu ya mume. Huku lilikuwa deni baina ya koo mbili. Na lilimgusa mtoto. Hans Cory, aliyekusanya sheria za kimila za Wasukuma na kuzichapisha mwaka 1953, alieleza kuwa mwanamume ambaye hakutoa ng'ombe hakuwa na haki ya watoto. Watoto walikuwa wa upande wa mama, na baba akiwataka alipaswa kuwakomboa kwa mifugo. Maana yake, kuzaa kabla ya kumaliza deni kulikuwa na bei inayojulikana na kila mtu. Hatusemi mila ile ilikuwa nzuri. Tunasema ilikuwa wazi.

Mwaka 1947 mambo mawili yalitokea huku. Katika mgodi wa almasi wa Mwadui, karibu na mji wa Shinyanga, ilipatikana almasi ya rangi ya waridi ya karati 54.5, na John Williamson, mwenye mgodi, akampa Malkia Elizabeth wa baadaye kama zawadi ya harusi yake ya mwaka huo. (Williamson mwenyewe hakuoa maisha yake yote.) Mwaka huohuo serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa maendeleo ya Usukuma, na ndani yake kulikuwa na kanuni za kupunguza mifugo. Bwana shamba aliona ng'ombe wengi kuliko malisho. Mzazi mwenye watoto wa kiume aliona mahari ya wanawe inapunguzwa. Kanuni hizo zilichukiwa sana, na kufikia mwaka 1958, mwaka wa ghasia za Geita, hazikutekelezeka tena.

Lakini kilichobadilisha nyumba za huku kuliko ng'ombe ni pamba. Ilipandwa mvua za Novemba na Desemba, ikavunwa kuanzia Mei, ikauzwa mpaka Agosti hivi. Kabla ya ushirika, mkulima alikuwa mikononi mwa wanunuzi na mizani yao, na malalamiko ya kupunjwa uzito yalikuwa kila mahali. Paul Bomani na wenzake wakawakusanya wakulima, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wa vyama vya ushirika wa Kanda ya Ziwa, ulioitwa Victoria Federation of Co-operative Unions, uliokuja kuhesabiwa kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya wakulima Afrika. Bomani baadaye alikuwa Waziri wa Fedha wa nchi.

Tazameni jinsi pamba ilivyopanga deni. Mwezi wa kwanza mke anachukua chumvi, mafuta ya taa na doti ya kanga dukani, mwenye duka anaandika. Hakuna anayemgongea mlango mwezi wa pili, kwa sababu mwenye duka naye anajua pamba bado iko shambani. Mavuno yakiuzwa daftari linafutwa, na kinachobaki ndicho kinachonunua ng'ombe, bati au nguo za harusi. Ndiyo maana harusi nyingi huku zilifuata mauzo ya pamba. Kutoka kupanda hadi kuuza ni miezi saba, minane, karibu sawa na mimba. Wanandoa waliweza kukaa na kusema, mwaka huu tumalize la duka, mwakani tuzae. Deni lilikuwa na mwisho unaoonekana kwa macho shambani.

Kalenda hiyo ilivunjika taratibu. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika. Viliporudi miaka ya 1980 vilikuwa dhaifu, wakulima wakawa wanakabidhi pamba na kusubiri malipo kwa muda mrefu. Biashara ya pamba ikafunguliwa kwa watu binafsi mwaka 1994. Wakati huo vijana walikuwa wameshaanza kuelekea kwenye mashimo.

Dhahabu ya Geita ilijulikana tangu enzi za Wajerumani, na mgodi ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Wachimbaji wadogo waliongezeka sana miaka ya 1980, na mwaka 1990 Benki Kuu ilianza kununua dhahabu yao. Bulyanhulu, si mbali na tulipo, maelfu waliondolewa Agosti 1996 ili kupisha mgodi mkubwa, na kila mmoja aliyeondoka na deni la duara lake aliondoka nalo. Mgodi mkubwa wa Geita ukaanza uzalishaji mwaka 2000, wa Bulyanhulu mwaka 2001.

Duara lina mwenye leseni, mwenye shimo, wachimbaji, na mfadhili anayelipia chakula na vifaa mpaka mawe yapatikane. Mawe yakipatikana yanagawanywa kwa mifuko. Yasipopatikana mnaendelea kushuka na deni linapanda. Hakuna Mei wala Agosti. Mwanamume anaweza kupata fedha ya mwaka mzima Jumanne, na miezi sita asipate nauli. Mke wake basi anatafuta cha kila siku: mama lishe, kuuza maji, kutwanga mawe, kusafisha dhahabu kwenye mwalo. Na mikopo ikawafuata wanawake hao ikiwa na marejesho ya kila wiki. Ile mikali kuliko yote watu wameipa jina la kausha damu, na jina halihitaji maelezo. Ona kutopatana kulikopo: mapato hayana siku, deni lina Ijumaa.

Hapo ndipo uzazi unapoumia. Mama anayekaribia kujifungua bado ana marejesho wiki ijayo, basi anarudi mwaloni. Kule kuna zebaki, ambayo mvuke wake unapita kwa mama na kumfikia mtoto tumboni na kumdhuru ubongo. Tanzania iliridhia mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020, lakini mkataba haulipi rejesho la mtu. Tukiona dada mjamzito anachoma dhahabu kwa kijiko, tunajua ni deni limemweka pale.

Kuna ubaya mwingine wa zamani: deni la mzazi kulipwa kwa mahari ya binti. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010 uliuonyesha mkoa wa Shinyanga ukiongoza, asilimia 59 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 wakiwa wameolewa kabla ya miaka 18. Mwanasheria Rebeca Gyumi alifungua shauri dhidi ya vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu hilo, akashinda Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono mwaka 2019. Sheria hiyohiyo ina mazuri ambayo mabibi harusi hatuyajui: mke anaweza kumiliki mali na kuingia mkataba kwa jina lake, na nyumba ya ndoa haiwekwi rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Ukiletewa karatasi usiku ukaambiwa weka saini tu, una haki ya kuuliza.

Je, dini inasemaje juu ya kuchelewesha mtoto kwa sababu ya deni? Wapo wanaotunukulia makatazo ya kuua watoto kwa kuogopa umaskini. Hayo ni ya kuua aliyezaliwa. Masahaba walifanya azl zama za Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, na Imamu Ghazali katika Ihya aliihesabu hofu ya mzigo mkubwa wa familia kuwa sababu isiyo haramu. Wanazuoni wengi wamesisitiza ridhaa ya mke. Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu nini? Kuandika deni na muda wake. Aya ya 280, kabla yake, inamtaka mdai ampe muda aliyebanwa. Muda, tena. Kile pamba ilichowapa bibi zetu wa huku bila wao kuomba, sisi tumeamrishwa tukiandike wenyewe.

Kwa hiyo tulinunua daftari. Upande mmoja tukaandika majora na tarehe. Tukamwomba tajiri tulipe zaidi miezi ya harusi, yaani baada ya Idi na baada ya mavuno, na kidogo sana Ramadhani ya mwanzo ambapo hakuna anayeolewa. Alinuna, kisha akakubali. Mkopo wa halmashauri kwa vikundi vya wanawake hauna riba, na baada ya kusimamishwa mwaka 2023 ulirudi mwaka 2024, lakini kikundi chetu tumekubaliana asiombe anayetarajia kujifungua ndani ya mwaka, isipokuwa wenzake wawili wasaini kumlipia miezi mitatu. Kulikuwa na mabishano makubwa juu ya hilo. Mmoja alihama kikundi.

Upande wa pili wa daftari tumeandika ya kliniki, ya kitanda, ya nguo za mtoto (hizo tutashona wenyewe), na miezi minne ambayo cherehani moja itasimama. Jora la mwisho linalipwa mwezi wa Rajabu. Mama mkwe ameshaambiwa, na ameanza kutuma udi.