Afasia katika mji wa lugha nyingi

Afasia ni kuharibika kwa uwezo wa lugha baada ya ubongo kudhurika, mara nyingi kwa kiharusi, na pengine kwa jeraha la kichwa, uvimbe au maambukizi. Huko Kilifi, Kenya, watafiti waliwakuta na matatizo ya lugha baadhi ya watoto walionusurika malaria ya ubongo. Afasia si wazimu, hata kama majirani wameshakata shauri.

Mwaka 1861, karibu na Paris, alifariki Louis Victor Leborgne, aliyekaa miaka 21 katika hospitali ya Bicêtre akijibu karibu kila swali kwa silabi moja tu: "tan". Aliyoambiwa aliyaelewa kwa sehemu kubwa, na akikasirika tusi zima lilimtoka. Daktari Paul Broca alipoupasua ubongo wake alikuta umeharibika mbele, upande wa kushoto. Mwaka 1874 daktari Carl Wernicke akaeleza sura nyingine ya ugonjwa: maneno yanamiminika bila kizuizi, lakini hayashikiki maana, na mgonjwa haelewi anachoambiwa.

Kwa mgonjwa wa komini ya Katuba, Lubumbashi, nchini Kongo, swali la kwanza lingekuwa: lugha ipi imeharibika? Mkazi wa huko anaweza kutumia Kiswahili sokoni, Kiluba au Kibemba na wazazi, Kifaransa ofisini. Mwanasaikolojia Théodule Ribot alishikilia kwamba cha zamani ndicho kinachodumu, kwa hiyo lugha ya utotoni ingebaki. Mwaka 1895 daktari Albert Pitres alipinga: hurudi kwanza lugha iliyotumika zaidi. Kwa mzee aliyekulia kijijini kisha akafanya kazi ya shaba mjini hadi kustaafu, Ribot angetarajia Kiluba, Pitres Kiswahili. Kwa kweli wagonjwa wengi hurudiwa na lugha zao kwa kiasi kinacholingana, ila wasiofuata mkondo huo hawakosekani. Ndiyo maana kumpima mtu wa Katuba kwa Kifaransa peke yake ni kumwonea.

Kiswahili chenyewe kilichelewa kuchunguzwa. Mwaka 2012 watafiti Tom Abuom na Roelien Bastiaanse walichapisha uchunguzi wa wagonjwa waliozungumza Kiswahili na Kiingereza: katika lugha zote mbili usemi ulikuwa wa polepole, sentensi fupi na sahili. Katika hali kali, mama anayetaka kusema mtoto ametumwa unga sokoni huambulia "mutoto… soko… unga", na kati ya maneno hayo jasho linamtoka.

Yaliyozoeleka kwa kukariri huweza kusalimika: kuhesabu, siku za juma, sala, nyimbo za kanisani. Ndugu wakimsikia mgonjwa akiimba ubeti mzima hudhani amepona, kumbe hawezi bado kuomba maji. Nafuu kubwa huja katika miezi ya mwanzo, lakini mazoezi yanaweza kusaidia hata baada ya miaka. Nyumbani, maswali ya ndiyo au hapana, ishara za mkono na subira ya kutomkatiza humrahisishia mgonjwa mazungumzo.