Kumbukumbu kwa zamu: kutoka mwezini hadi mita ya LUKU

Mwaka 2024, mkazi wa Mpitimbi, Songea, aliyefikiwa na zoezi la kuboresha mita za LUKU alipokea tokeni tatu kwa mpigo. Mbili za kwanza, tarakimu 20 kila moja, zilikuwa za kuboresha mita yenyewe. Ya tatu ndiyo iliyobeba uniti. TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, ilikuwa ikiwahi Novemba 24. Waliobuni mfumo huo walitenga biti 24 tu za muda ndani ya tokeni, na dakika zilizoanza kuhesabiwa mwaka 1993 zilikuwa zinaelekea ukomo wa biti hizo: 16,777,216.

Ubanaji huo wa nafasi ni mkongwe kuliko mita zenyewe. Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, enzi ambazo kumbukumbu ilipimwa kwa maelfu ya herufi. Programu kubwa haikuenea. Ikabidi ikatwe vipande, vipokezane sehemu ileile ya kumbukumbu, kama shule yenye darasa moja inayosomesha wengine asubuhi na wengine mchana. Anayepanga zamu hizo ni linka, programu inayounganisha vipande vya msimbo na kuvipa anwani. IBM iliweka uwezo huo kwenye linka ya System/360, mashine zilizotangazwa mwaka 1964.

Kompyuta ya Apollo iliyowafikisha Neil Armstrong na Buzz Aldrin mwezini Julai 1969 ilikuwa na maneno 2,048 tu ya kumbukumbu inayofutika. Waandishi wa programu wa MIT waliipa anwani moja data za kazi mbili au zaidi, ilimradi zisifanyike pamoja. Zikigongana, moja inafuta data za nyingine katikati ya safari. Kwangu mimi huo ni ushujaa usioimbwa vya kutosha.

Kompyuta kubwa ziliachana na taabu hiyo baada ya kuenea kwa kumbukumbu pepe, mbinu ya kompyuta kuhamisha yenyewe vipande kati ya kumbukumbu na hifadhi, iliyoanzia kwenye kompyuta ya Atlas ya Manchester mwaka 1962. Mikrokontrola, zile kompyuta ndogo zilizomo ndani ya mita na pampu, kwa kawaida hazina kumbukumbu pepe. Kwa hiyo linka ya GNU, mradi wa programu huria, bado ina amri ya OVERLAY. Kwa kawaida linka hiyo ikikuta sehemu mbili zimepewa anwani moja hugoma kwa kutoa kosa; kwa amri hii inakubali, na kila kipande kinabaki na mahali pake pa kuhifadhiwa. Ukiongeza NOCROSSREFS, itakataa kipande kimoja kikimwita mwenzake wa zamu nyingine, ambaye hayupo. Lakini kunakili kipande hadi mahali pa kuendeshwa ni kazi ya mwandishi wa programu mwenyewe, na hapo ndipo wengi huteleza.

Vyuo vyetu vinafundisha programu za simu na tovuti kwa bidii. Navisihi vimfundishe mwanafunzi kusoma faili la linka pia, ili mita za kizazi kijacho ziandikiwe programu hapahapa nchini.