Ajono: pombe ya wimbi ya Malaba na Busia

Lori linalotoka bandari ya Mombasa kwenda Kampala huvukia Malaba au Busia, na mara nyingi husimama hapo kungoja karatasi za forodha. Kijana wa kwetu aliyepanda kama utingo akishuka kutafuta chakula, hachelewi kuona wazee wameketi duara, chungu katikati, kila mmoja na mrija mrefu mdomoni. Kinachonywewa kina rangi ya uji wa wimbi, tena ni cha moto. Si uji, wala si togwa. Ni ajono, na inalevya. Kwa msomaji Mwislamu hukumu yake inajulikana. Ugeni wa jina haubadilishi kilichomo chunguni. Ndiyo maana ni vyema kuijua kabla ya kukaribishwa.

Wenyewe ni Wateso. Wako Teso Kaskazini na Teso Kusini katika Kaunti ya Busia, na ng'ambo wako Tororo, Kumi na Soroti. Mpaka uliopita kati yao ni wa mwaka 1902, Waingereza walipoukata mkoa wa mashariki wa Uganda na kuutia upande wa Kenya. Kabla ya hapo Uganda ilifika hadi karibu na Naivasha. Ng'ambo kinywaji hichohicho wengi hukiita malwa.

Watengenezaji wengi ni akina mama, na kazi ni ya siku nyingi. Unga wa wimbi hukandwa kwa maji, ukafunikwa au kufukiwa ardhini kwa takribani wiki moja hadi uchachuke. Kisha hukaangwa juu ya bati pana kwenye moto wa kuni, ukageuzwageuzwa mpaka uwe wa kahawia, ukaanikwa juani. Unga huo mkavu unaweza kukaa. Siku ya kupika hutiwa maji na kimea, yaani wimbi lililooteshwa, likakaushwa na kusagwa. Baada ya siku chache huwa tayari. Hapo haingoji: ukiiacha inazidi kuwa kali na chachu. Mvinyo mweupe wa Soave, wa kaskazini mwa Italia, hutiwa chupani, ukasafirishwa na kuuzwa dunia nzima kwa jina la mji wake. Ajono hunywewa palepale ilipopikwa, kama tembo letu la mnazi.

Inapoandaliwa, machicha ya wimbi huwa bado mle chunguni, na maji ya moto huongezwa kila kinapopungua. Sisi tuna methali ya mgema aliyesifiwa akalitia tembo maji. Malaba maji hutiwa mbele ya mnywaji, na asipotiwa atalalamika! Mrija una kichujio mwishoni ili machicha yasipande. Zamani ulikuwa wa mmea wenye uwazi ndani, siku hizi mingi ni ya plastiki.

Adabu za chunguni ni nyingi. Mrija haushikwi kwa mkono wa kushoto. Hupigi chafya ukiwa nao mdomoni. Mkwe na mama mkwe hawanywi chungu kimoja. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Ivan Karp, aliyeishi na Wateso wa Kenya na kuandika juu yao katika miaka ya 1970 na 1980, aliona kwamba kuketi chungu kimoja ndiko kulikoonyesha nani anapatana na nani. Anayekataa chungu cha jirani hushukiwa ana kinyongo. Hapa ndipo mgeni wa pwani hubabaika. Sema mapema, kwa heshima, kwamba dini yako au usukani hauruhusu. Kukataa kwa namna hiyo kunaeleweka.

Mrija una hatari yake. Ukipokezwa kutoka mdomo hadi mdomo, hupeleka mate na maradhi. Mwaka 2020, wakati wa korona, foleni ya malori Malaba ilifika makumi ya kilomita kwa kungoja vipimo, na duara la chungu likawa mahali pa kuogopwa. Maji yasiyochemka vizuri na wimbi lililoota kuvu ni hatari nyingine.

Lakini isichanganywe na chang'aa wala waragi. Hizo huvukizwa kwa moto, ni kali mno, na zikitiwa kemikali hupofusha na kuua. Ajono ni ya kuchachushwa tu.

Sheria ya Kenya nayo haikumfikiria sana mama wa wimbi. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 iliondoa marufuku ya chang'aa iliyokuwapo tangu 1980, ikataka leseni, ikakataza pombe ya vifuko na kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Tangu ugatuzi wa 2013, leseni ziko mikononi mwa kaunti. Masharti ya namna hii humfaa mwenye kiwanda na chupa. Mwenye chungu, kama mgema wa Kilifi, anapokuja askari hujikuta kapu moja na mpika chang'aa, na kinachomwagwa ni kazi ya wiki mbili pamoja na karo ya mtoto. Hata asiyeionja ajono anaweza kuona kwamba hapo hakuna usawa.