Ushindi Uwanjani, Mgogoro Ofisini: Timu ya Taifa ya Wanawake ya Mpira wa Kikapu ya Nigeria katika Mashindano ya Bara la Afrika, 2003–2025

Tarehe 12 Mei 2022 Wizara ya Vijana na Michezo ya Nigeria ilitangaza kwamba nchi hiyo inajiondoa katika mashindano yote ya kimataifa ya mpira wa kikapu kwa muda wa miaka miwili. Sababu zilizotajwa ni mgogoro wa uongozi ndani ya shirikisho la taifa na haja ya kuufufua mchezo huo nchini. Siku tangazo hilo lilipotolewa, timu ya wanawake ilikuwa imetwaa ubingwa wa Afrika mara tatu mfululizo, na ilikuwa imekwisha kufuzu kwa Kombe la Dunia lililopangwa kufanyika Sydney mwezi Septemba. Wachezaji hawakuwa wamevunja kanuni yoyote. Waliadhibiwa kwa ugomvi ambao hawakuwa sehemu yake.

Tukio hilo linaibua swali ambalo majedwali ya matokeo hayawezi kulijibu yenyewe: iliwezekanaje timu itawale bara zima kwa kipindi ambacho chombo kinachoisimamia kilikuwa kimegawanyika? Jibu la kawaida ni vipaji. Jibu hilo lina ukweli, lakini halimsaidii mwanahistoria, kwa kuwa Nigeria haikukosa vipaji katika miaka ambayo haikushinda. Insha hii inajenga hoja kwamba nguvu ya timu hiyo ilitokana, kwa sehemu kubwa, na taasisi zilizo nje ya mipaka ya nchi, na kwamba jambo hilohilo lililoikinga timu na udhaifu wa ofisi za Abuja liliwaacha pia wachezaji bila pa kudai haki zao.

Ni vyema kwanza kuiweka Nigeria mahali pake katika historia ya mashindano yenyewe. Ubingwa wa Afrika kwa wanawake ulianza kushindaniwa mwaka 1966 mjini Conakry, na Misri, iliyokuwa ikiitwa Jamhuri ya Muungano wa Kiarabu, ikachukua mataji mawili ya kwanza. Baadaye Senegal ilijenga himaya. Kuanzia 1974 hadi 1981 ilitwaa mataji manne mfululizo, likiwamo la Mogadishu mwaka 1979, na hadi kufikia 2015 ilikuwa na mataji 11. Zaire ndiyo iliyoweza kuipokonya Senegal taji katika miaka ya 1980, ikarudia mwaka 1994, kisha ikawa timu ya kwanza ya wanawake kutoka Afrika kucheza mpira wa kikapu katika Olimpiki, mjini Atlanta mwaka 1996. Huko ilipoteza michezo yote. Mmojawapo, dhidi ya Marekani, uliisha kwa 107–47. Katika simulizi hii ya miongo mitatu na zaidi Nigeria haimo. Mashindano yalipofanyika Nairobi mwaka 1997, ushindani wa taji ulikuwa bado ni habari ya Senegal na wale wanaojaribu kuishusha.

Mwaka 2003 mambo yalibadilika. Nigeria ilishinda ubingwa mjini Maputo, na mwaka huohuo klabu ya First Bank ya Lagos ikatwaa kombe la klabu bingwa la Afrika kwa wanawake. Mataji hayo mawili yanapaswa kusomwa pamoja. Klabu hiyo ilikuwa mali ya benki, na benki ilikuwa na uwezo ambao shirikisho halikuwa nao: kulipa kwa wakati na kuwaweka wachezaji pamoja mwaka mzima. Mfumo wa aina hiyo haukuwa wa Nigeria peke yake. Nchini Angola, ambayo ingekuja kutawala mwaka 2011 na 2013, klabu mbili kubwa za wanawake zilikuwa chini ya polisi na jeshi. Mchezaji wa kikapu wa kike barani Afrika, anapokuwa na ajira ya kudumu, mara nyingi mwajiri wake ni mtu mwenye shughuli nyingine kabisa.

Kikosi cha Maputo kilikwenda Athens mwaka 2004. Kilipoteza michezo yote ya makundi, lakini katika mchezo wa kuwania nafasi ya 11 kiliishinda Korea Kusini kwa 68–64. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa timu ya wanawake ya Afrika katika mpira wa kikapu wa Olimpiki. Taji la pili lilipatikana nyumbani Abuja mwaka 2005. Kisha kikafuata kimya cha miaka 12.

Kimya hicho kinafundisha zaidi ya mataji. Kama benki na ligi ya ndani zingetosha, Nigeria isingeporomoka, maana First Bank ilirudi kuwa bingwa wa klabu za Afrika mwaka 2009, wakati timu ya taifa ikishindwa kufua dafu mbele ya Senegal, Mali na Angola. Kilichokosekana ni daraja la kuwaunganisha wachezaji waliolelewa ndani na wale waliokuwa wakikua kwingine. Daraja hilo lilipoanza kukamilika, katikati ya miaka ya 2010, timu ilibadilika haraka: medali ya shaba mwaka 2015 huko Yaoundé, na dhahabu miaka miwili baadaye huko Bamako.

Chanzo cha daraja hilo kiko Marekani, na kina tarehe. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria ya kupiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu. Vyuo vikuu vikalazimika kupanua michezo ya wanawake, na ufadhili wa masomo kwa wachezaji wa kike ukaongezeka. Waliofaidika hawakuwa Wamarekani wa kale tu. Familia za Kinigeria zilizohamia huko zilikuta mfumo ambamo binti mrefu na mwepesi wa miguu angeweza kusomeshwa hadi shahada bila mzazi kuuza kiwanja. Ezinne Kalu, mchezaji bora wa mashindano ya 2019, alizaliwa Newark katika jimbo la New Jersey. Wengine walizaliwa Nigeria wakavuka bahari kwa ufadhili huo: Evelyn Akhator, mzaliwa wa Lagos, alicheza Chuo Kikuu cha Kentucky na mwaka 2017 akachaguliwa wa tatu katika uteuzi wa ligi kuu ya wanawake ya Marekani. Kwa maneno mengine, sheria iliyotungwa Washington kwa ajili ya shule za Marekani ndiyo iliyogharimia sehemu kubwa ya mafunzo ya timu ya taifa ya Nigeria, na haikuwahi kukusudia hivyo.

Lakini kulelewa nje hakutoshi kumfanya mtu avae jezi. Hapa sheria za nchi na kanuni za mchezo hukutana, na si kila mara huafikiana. Katiba ya Nigeria ya mwaka 1999 humhesabu kuwa raia kwa kuzaliwa mtu yeyote aliyezaliwa nje ya nchi iwapo mmoja wa wazazi wake ni raia. Kwa mtazamo huo, binti wa Newark ni Mnigeria sawasawa na binti wa Lagos. Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Kikapu, FIBA, lina kipimo kingine: timu inaruhusiwa mchezaji mmoja tu aliyepata uraia baada ya kutimiza miaka 16, na anayekwisha kuiwakilisha nchi nyingine huwekewa vikwazo zaidi. Kesi iliyoonyesha makali ya kipimo hicho ni ya dada wawili, Nneka na Chiney Ogwumike, mwaka 2021. Wazazi wao ni Wanigeria. Kabla ya Olimpiki ya Tokyo, FIBA ilimkatalia Nneka kwa sababu ya historia yake ndefu na timu ya Marekani, ikamkubali Chiney kama mchezaji aliyepewa uraia; rufaa katika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo haikuzaa matunda. Dada wawili wa damu moja na wazazi walewale wakajikuta katika madaraja mawili ya Unigeria, na aliyekubaliwa akakubaliwa kwa jina la mgeni aliyekaribishwa. Hakuna mmoja wao aliyeichezea Nigeria mjini Tokyo.

Timu hiyo hujulikana kwa jina la D'Tigress, yaani chui-milia jike, mnyama ambaye hapatikani porini popote barani Afrika. Lisichukuliwe kuwa kasoro. Huenda ndilo jina linaloifaa timu ambayo nusu ya makazi yake yako ng'ambo.

Kuanzia Bamako, matokeo yanasimulika kwa ufupi. Mwaka 2017 Senegal ilishindwa katika fainali kwa 65–48; mwaka 2019, mbele ya mashabiki wake wenyewe Dakar, ikashindwa tena kwa 60–55; mwaka 2021 Yaoundé ikawa zamu ya Mali, 70–59. Katikati ya hayo, Kombe la Dunia la 2018 huko Tenerife liliifikisha Nigeria robo fainali, hatua ambayo timu ya wanawake ya Afrika haikuwahi kuifikia. Ushindi dhidi ya Ugiriki uliofungua mlango huo ulikuwa wa pointi moja, 57–56. Ni vizuri kuukumbuka mchezo huo kila inaposemwa kwamba mafanikio haya yalikuwa lazima yatokee.

Ofisini hali ilikuwa nyingine. Mwaka 2017, mwaka uleule wa taji la Bamako, uchaguzi wa shirikisho ulifanyika mara mbili, Abuja na Kano, na kila upande ukatoa rais wake. Mwaka 2022 hali hiyo ilijirudia, safari hii Benin City na Abuja. Kwa wachezaji, athari haikuwa ya kinadharia. Mwaka 2021, baada ya kurudi na kombe, walilalamika hadharani kuhusu posho na marupurupu ambayo hayakulipwa. Malalamiko yao yalielekezwa kwa shirikisho. Shirikisho lilitegemea wizara. Wizara ilitegemea bajeti. Katika mzunguko huo hapakuwa na mkataba wa ajira ambao mchezaji angeweza kuuweka mezani. Klabu zao, zilizotawanyika Ulaya na kwingineko, ziliwalipa mshahara, nazo hazikuwa na neno na deni la Abuja. Hapa ndipo uhuru ulioletwa na ughaibuni unapoonyesha upande wake wa pili: mchezaji asiyeitegemea nchi yake kwa chakula hana pia njia ya kuibana.

Tangazo la Mei 2022 lilikuwa mwisho wa mantiki hiyo. Serikali ilibatilisha uamuzi wake mwezi Juni, lakini FIBA ilikuwa imeipa Mali nafasi ya Nigeria, na nafasi hiyo haikurudi. Mali, ambayo Nigeria iliishinda katika fainali ya bara mwaka mmoja kabla, ilikwenda Sydney na kupoteza michezo yote mitano. Haiwezekani kujua Nigeria ingefanya nini. Linalojulikana ni kwamba kizazi kilichofika robo fainali ya 2018 kilinyimwa nafasi ya kujipima tena, na katika michezo ya kiwango hicho miaka minne ni sehemu kubwa ya uhai wa mchezaji.

Mashindano yaliyofuata yalifanyika Kigali, kuanzia mwishoni mwa Julai hadi tarehe 5 Agosti 2023. Rena Wakama, kocha mzaliwa wa Marekani mwenye wazazi Wanigeria, alikuwa na wiki chache tu tangu kuteuliwa. Katika nusu fainali Nigeria iliwatoa wenyeji, Rwanda, ambao hawakutarajiwa kufika huko, na katika fainali ikaishinda Senegal 84–74. Wakama akawa mwanamke wa kwanza kuiongoza timu hadi ubingwa huo. Inastaajabisha kidogo kwamba mashindano ya wanawake yalihitaji miaka 57 kufikia hapo. Mwaka uliofuata, katika Olimpiki ya Paris, Nigeria iliishinda Australia 75–62 na Kanada 79–70, ikawa timu ya kwanza ya Afrika, ya wanaume au ya wanawake, kufika robo fainali ya mpira wa kikapu wa Olimpiki. Marekani iliizuia kwa 88–74. Tofauti kati ya pointi 14 hizo na zile 60 za Zaire mjini Atlanta ni kipimo cha umbali uliotembewa.

Taji la saba la Nigeria, na la tano mfululizo, lilipatikana Abidjan mwaka 2025 kwa kuishinda Mali 78–64. Rekodi ya Senegal ya mataji manne mfululizo ikavunjwa, na Nigeria ilikuwa haijapoteza mchezo hata mmoja wa mashindano hayo tangu 2015. Mapokezi ya Abuja yalikuwa ya fahari. Kwa niaba ya Rais, Makamu wa Rais aliwatangazia wachezaji nishani ya taifa, nyumba, na naira zenye thamani ya dola 100,000 kwa kila mmoja, zawadi ileile waliyopewa siku chache kabla wanasoka wa kike waliotwaa ubingwa wa Afrika nchini Morocco.

Zawadi hizo hazipaswi kubezwa. Kwa mchezaji mmojammoja huenda zinazidi mapato ya misimu kadhaa. Hata hivyo mtafiti hana budi kutofautisha zawadi na ujira. Ujira una tarehe ya kulipwa na mahali pa kudaiwa unapochelewa. Zawadi ina mtoaji, na mtoaji huchagua siku yake. Kwa kuishinda Mali, Nigeria ilikata pia tiketi ya Kombe la Dunia la 2026 mjini Berlin, safari ambayo kikosi cha 2022 kilinyimwa mfano wake.