Gesi ya Kuchekesha Yaingia Mbioni

Mwaka 1799, mjini Bristol, Uingereza, kijana wa miaka 20 aitwaye Humphry Davy alijaza gesi katika mfuko wa hariri, akaivuta, kisha akaanza kucheka na kurukaruka maabarani. Joseph Priestley alikuwa ameitengeneza gesi hiyo tangu 1772, ila Davy ndiye aliyeipatia umaarufu. Marafiki zake, akiwemo mshairi Coleridge, nao waliionja. Ikawa kiburudisho cha maonyesho, na katika onyesho mojawapo huko Hartford, Marekani, mwaka 1844, daktari wa meno Horace Wells alimwona mtu akijiumiza mguu bila kuhisi maumivu. Kesho yake Wells aling'olewa jino akiwa amevuta gesi hiyo.

Siri iliyoifikisha kwenye magari ni nyingine.

Hewa tunayovuta ni nitrojeni kwa asilimia 78, nayo haisaidii petroli kuwaka. Gesi ya kuchekesha ina atomu mbili za nitrojeni na moja ya oksijeni. Kwa uzito, oksijeni yake ni asilimia 36, ilhali ya hewa ni 23 tu. Ndani ya injini, joto huivunja molekuli hiyo, oksijeni ikaachwa huru, na dereva akaweza kuchoma petroli nyingi zaidi kwa mpigo mmoja. Tena, kwa kuwa huhifadhiwa mtungini ikiwa kimiminika, inapogeuka mvuke huipoza hewa inayoingia na kuifanya nzito. Petroli isipoongezwa kwa kipimo chake, pistoni huweza kuyeyuka.

Wajerumani waliitumia katika Vita Kuu ya Pili, kwa mfumo ulioitwa GM-1, ili ndege zao zisiishiwe nguvu angani juu ambako hewa ni haba. Baada ya vita, mafundi wa magari ya mbio wa Marekani wakaichukua, wengine kwa kificho. Katika kufuzu kwa mbio za magari za Daytona 500 za 1976, muda wa madereva A.J. Foyt na Darrell Waltrip ulifutwa kwa tuhuma za kuitumia, wa Dave Marcis ukafutwa kwa kosa jingine, na nafasi ya mbele ikamwangukia Ramo Stott. Miaka miwili baadaye kampuni ya NOS ilianzishwa California kuuza waziwazi vifaa vya kuitumia, na filamu ya *The Fast and the Furious* ya 2001 ikaitangaza duniani kote.

Hata hivyo, mtengenezaji wake mkubwa hana injini. Bakteria wa udongoni huizalisha usiku na mchana, na huongeza kasi pale mbolea inapozidi kiasi ambacho mimea inaweza kufyonza. Gesi hii hudumu angani zaidi ya karne moja, na kilo yake moja hupasha dunia joto takriban mara 270 ya kilo ya kaboni dioksidi. Katika gesi yote inayotokana na shughuli za binadamu, sehemu kubwa zaidi hutoka mashambani.